Daftari la Mfadhili Nalo Lifunguliwe

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwaka wa kumi tukiwa bado tunakaa duara moja kila Jumamosi. Wapo wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Tunawakumbuka, na majina yao yameandikwa ukurasa wa mwisho.

Katika kurasa nyingine mtasoma habari za hisa, za mikopo na za akina mama waliojenga. Sisi wa kamati tulipewa ukurasa wa historia. Tulipokaa tukaonelea tusiandike historia ya kikundi peke yake, maana hiyo mnaijua, mmeitengeneza wenyewe. Tumeandika historia ya swali moja ambalo litakuwa mezani katika mkutano mkuu: mfadhili naye huulizwa na nani?

Kwetu sisi kila mtu anaulizwa. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa akina mama watatu wasio wa ukoo mmoja. Mweka hazina anahesabu mbele ya macho ya wote. Mwenyekiti akichelewesha rejesho anatozwa faini kama mwanachama mwingine yeyote. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Lakini katika vikundi vingi akija mfadhili mambo hubadilika. Anapigiwa vigelegele, anavishwa khanga, anajaziwa fomu ya kurasa kumi inayotaka kujua hadi idadi ya kuku wetu, na yeye mwenyewe haulizwi hata swali moja. Eti ni adabu.

Habari tunazozieleza hapa nyingi ni za Marekani, kwa sababu huko ndiko zilikoanzia taasisi kubwa za hisani za zama hizi, na huko ndiko watu walikoanza mapema kuziuliza maswali. Zimeandikwa kwa Kiingereza. Binti wa mwenzetu mmoja aliyesoma chuo alitutafutia na kututafsiria, nasi tukazijadili vikao vitatu.

WAKFU NI MALI YA NANI?

Wenzetu Waislamu wanalijua neno wakfu toka zamani. Mtu akiutoa mnazi wake au nyumba yake kuwa wakfu wa msikiti au wa maskini, mali ile si yake tena. Inakuwa na msimamizi, na msimamizi akila mali ya wakfu watu wanamsema. Taasisi za hisani za Ulaya na Marekani zinafanana na hizo. Tajiri anatenga fedha, zinawekwa kwenye biashara na hisa, faida inayopatikana inagawiwa kwa kazi njema.

Lakini liko jambo moja ambalo wengi wetu hatukulijua. Fedha hizo zinapata nafuu kubwa ya kodi. Yaani tajiri akiziweka kwenye wakfu, serikali inaacha sehemu ya kodi ambayo ingeenda hazina kujenga shule na hospitali. Kwa hiyo hata mama anayeuza maandazi katika nchi hiyo ana sehemu yake humo ndani, na ana haki ya kuuliza. Anayesema "hizi ni fedha zangu, nafanya nitakavyo" hajasema kweli yote.

Swali hili liliulizwa mapema sana. Wakfu wa Rockefeller ulianzishwa mwaka 1913. Familia hiyo hiyo ya Rockefeller ndiyo iliyokuwa na nguvu katika kampuni ya makaa ya mawe huko Colorado, ambako wachimbaji waligoma. Tarehe 20 Aprili 1914, mahali paitwapo Ludlow, kambi ya mahema ya wagomaji ilishambuliwa na kuchomwa moto. Wanawake 2 na watoto 11 waliokuwa wamejificha kwenye shimo chini ya hema walikufa humo. Baada ya hapo wakfu ukaajiri mtaalamu achunguze uhusiano wa wafanyakazi na matajiri. Tume ya serikali iliyoongozwa na Frank Walsh ikamwita Rockefeller mdogo mwaka 1915 na kumhoji. Tume ilitaka kujua: huu wakfu ni wa kuwasaidia watu, au ni wa kumsafisha mwenye kampuni? Tunaona swali lile halijazeeka.

FEDHA INAYOVUTA UKUTI KWAKE

Sasa tuje kwenye fedha za kudai haki. Chama cha NAACP kiliundwa mwaka 1909 kutetea watu weusi wa Marekani. Kilio chake kikubwa miaka ile kilikuwa mauaji. Makundi ya watu weupe yalikuwa yakiwakamata watu weusi na kuwaua bila mahakama, mara nyingi hadharani mchana kweupe.

Mwaka 1922 kijana mmoja aliyeitwa Charles Garland, aliyerithi karibu dola milioni moja na hakuitaka, alizitoa kuanzisha mfuko wa kusaidia harakati za wanyonge. Mwaka 1930 mfuko huo ulikubali kuwapa NAACP dola 100,000 kwa ajili ya kesi za kupinga ubaguzi. Bei za hisa zilikuwa zimeanguka, kwa hiyo kilichofika mkononi kilikuwa sehemu ndogo tu, kama dola 20,000. Na mazungumzo juu ya fedha zile yalielekea kwenye shule.

Mwanazuoni Megan Ming Francis alichapisha utafiti juu ya jambo hili mwaka 2019. Anaeleza kwamba viongozi wa chama walitaka nguvu iwe kwenye mauaji, na wenye mfuko walivutia kwenye elimu, na kidogo kidogo chama kikafuata fedha. Wapo wanaoliona jambo hili vingine, na hoja yao si ndogo. Kesi za shule ndizo zilizoleta hukumu kubwa ya Mahakama Kuu ya Marekani ya tarehe 17 Mei 1954 iliyopiga marufuku kutenga watoto shuleni kwa rangi. Chama nacho hakikuacha kabisa kupigania sheria dhidi ya mauaji. Ila sheria hiyo, ya nchi nzima, haikupatikana mpaka Machi 2022. Ndiyo, jamani, 2022.

Hatusemi Garland alikuwa mtu mbaya. Kijana aliyetoa urithi wake si mtu mbaya. Tunasema kwamba hata mfadhili mwema, kama hakuna wa kumwuliza, anaweza kuwa ndiye anayechagua kilio kipi kisikike kwanza.

AKINA MAMA WALIOUZA MIKATE NA KUKU

Hii ndiyo habari iliyopendwa kuliko zote tulipoisoma kikaoni, na mkiisoma mtajua kwa nini.

Tarehe 1 Desemba 1955, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, Bi. Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Usiku ule ule mwalimu Jo Ann Robinson na wenzake wa baraza la wanawake wa mji huo walichapa maelfu ya vikaratasi kuwaomba watu wasipande mabasi. Mgomo ukaanza Jumatatu tarehe 5 Desemba. Ulidumu siku 381.

Mgomo unahitaji fedha. Watu walikuwa wanabebwa kwa magari ya kujitolea yapata 300 kwenda makazini, na gari halinywi maji. Michango ilitoka makanisani na kwa wapenzi wa mbali. Lakini palikuwa na mama mpishi aliyeitwa Georgia Gilmore. Yeye aliwakusanya wenzake, wengi wao watumishi wa majumbani na wapishi, wakawa wanapika kuku, mikate ya kujaza nyama, keki na vitumbua vya matunda vya kwao, wakauza kwenye saluni, kwa majirani, hata kwa wazungu ambao hawakujua, au walijifanya hawajui, fedha inakwenda wapi. Kwenye mkutano wa hadhara Bi. Gilmore alisimama, akamwaga fedha, akataja jumla, watu wakashangilia.

Kikundi chao walikiita Klabu Isiyotoka Popote. Mtu akiuliza fedha imetoka wapi, jibu ni: haikutoka popote. Ni yeye Bi. Gilmore peke yake aliyejua nani kapika na nani kanunua. Wangejulikana wangefukuzwa kazi na kufukuzwa kwenye nyumba za kupanga. Na kweli, yeye mwenyewe alipotoa ushahidi mahakamani mwaka 1956 alipoteza kazi yake ya upishi. Mchungaji Martin Luther King akamsaidia aanze kupika na kuuza nyumbani kwake.

Basi akina mama hawa hawakuwa na fedha nyingi. Walikuwa na fedha ambayo hakuna mtu angeweza kuwaambia: acheni mgomo, fanyeni jambo jingine, tutawalipa. Hiyo ndiyo tofauti.

KURA, NA MIKOA ILIYOACHWA

Miaka iliyofuata vijana wakazidi moto. Mwaka 1960 walikaa kwenye mikahawa ya wazungu tu wakakataa kuondoka, mwaka 1961 wakapanda mabasi ya safari ndefu kupinga ubaguzi, wakapigwa. Serikali ya Rais Kennedy ilipendelea nguvu hizo ziende kwenye kuandikisha wapiga kura. Mwaka 1962 ukaanzishwa Mradi wa Elimu ya Mpiga Kura, fedha zikitoka kwenye taasisi za hisani kama Taconic, Field na Stern. Kwa miaka miwili hivi zilitolewa karibu dola 870,000. Zilifanya kazi kubwa, mamia ya maelfu ya watu weusi wa kusini waliandikishwa.

Lakini jimbo la Mississippi lilikuwa gumu. Mwaka 1962 Bi. Fannie Lou Hamer, mkulima, alikwenda kujiandikisha, na siku hiyo hiyo akafukuzwa kwenye shamba alikokuwa anaishi na kufanya kazi. Mwaka 1963 alipigwa mahabusu mpaka akaumia maisha yake yote. Mahali kama hapo idadi haiwezi kupanda haraka. Mwishoni mwa mwaka 1963 mradi ulisimamisha fedha zake Mississippi, kwa kuwa walioandikishwa walikuwa wachache. Yaani pale penye hatari kuliko kwingine ndipo fedha zilipoondoka, kwa sababu hesabu haikupendeza. Watu wa huko waliendelea hivyo hivyo.

Baadaye Bi. Hamer alianzisha shamba la ushirika na "benki ya nguruwe" (wenzetu Waislamu mtuwie radhi), ambapo familia ilipewa jike, likizaa wanabaki na watoto, na wengine wanapewa jirani. Ni kama kopa mbuzi lipa mbuzi ya kwetu. Shamba lile lilisaidia familia nyingi, lakini lilitegemea sana michango, na katikati ya miaka ya 1970 likafa. Yeye mwenyewe alifariki Machi 1977.

WALIOULIZA KWANZA NI WENYE NGUVU

Mwaka 1967 Wakfu wa Ford ulitoa dola 175,000 kwa kazi zilizojumuisha kuandikisha wapiga kura katika mji wa Cleveland. Mwaka ule ule Carl Stokes alichaguliwa, akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa meya wa mji mkubwa Marekani. Wanasiasa wengi walikasirika.

Mwaka 1969 Bunge lao likatunga sheria mpya. Tuwe wakweli, sheria ile ilikuwa na mema. Ilikuwa kweli kwamba baadhi ya matajiri walikuwa wanatumia wakfu kama mfuko wa suruali zao, wanajikopesha na kuuziana mali. Hilo likakatazwa. Wakfu ukatakiwa kutoa fedha kila mwaka badala ya kuzilimbikiza tu. Siku hizi kiwango ni asilimia 5 ya mali yake. Taarifa za hesabu zikatakiwa ziwe wazi, raia wazisome. Lakini ndani ya sheria hiyo hiyo wakaweka kwamba fedha za kuandikisha wapiga kura zitolewe tu kwa kazi inayofanyika katika majimbo matano au zaidi, ili yasirudiwe ya Cleveland.

Hapa pana fundisho. Kama wanaouliza ni wakubwa peke yao, watauliza yale yanayowauma wao. Wanyonge nao lazima wawe na kiti kwenye maswali.

Kiti hicho walikitengeneza wenyewe. Kati ya 1973 na 1975 iliundwa tume ya watu mashuhuri kuchunguza mambo ya hisani, ikiongozwa na John Filer, mkuu wa kampuni ya bima. Vikundi vinavyopokea misaada vikaona tume imejaa watoaji, wapokeaji hawapo. Vikapaza sauti, vikaandika taarifa yao wenyewe pembeni. Mwaka 1976 wakaunda kamati ya kudumu, inaitwa NCRP kwa kifupi, na ipo hadi leo. Kazi yake ni kusoma hesabu za taasisi za hisani na kusema hadharani: huyu katoa kiasi gani kwa maskini, huyu kajenga jumba la sanaa. Mwaka 2009 walitoa vipimo: angalau asilimia 50 ya misaada iwafikie wanyonge, asilimia 25 iende kwa watu wanaojiunga kudai haki, na asilimia 50 itolewe bila kufungwa kamba ya mradi mmoja. Hakuna sheria inayozilazimisha taasisi zifuate. Lakini kipimo kikishawekwa ukutani, kila mtu anaonekana urefu wake.

NA HAPA KWETU

Wanachama wa zamani mnakumbuka mwaka wetu wa nne. Ilikuja taasisi moja kutoka nje, jina lake hatulitaji, tukakubaliana tusaidie wajane wanaonyang'anywa mashamba na nyumba na ndugu wa mume. Tulipata mafunzo, akina mama wakajua haki zao, kesi zikafunguliwa kwenye baraza la ardhi. Kabla mwaka wa pili haujaisha wakatuandikia barua ya nusu ukurasa. Makao makuu yamebadili mwelekeo, sasa ni ujasiriamali, tunaletewa cherehani. Kesi tatu zilikuwa katikati.

Cherehani ni kitu kizuri. Lakini mjane aliyekwisha kumshitaki shemeji yake huwezi kumwambia subiri, mwelekeo umebadilika. Yeye analala kwenye nyumba ile ile na shemeji yuko mlango wa pili. Mlijichanga kwenye mfuko wetu wa jamii, shilingi elfu mbili mbili kila wiki, nauli na karatasi za baraza zikalipwa, na kesi zote tatu zilifika mwisho. Mbili walishinda. Mmoja alishindwa, na tunaye hapa kikundini, hakuachwa.

Hatukupata mahali pa kupeleka malalamiko yetu. Aliyetuandikia barua naye alikuwa mtumishi tu. Hatukujua bodi yao ni akina nani wala wanakaa wapi.

Sasa kuna barua nyingine mezani, kutoka taasisi nyingine, na mkutano mkuu ndio utakaoamua. Wapo wanachama wanaosema tukatae, tumeumwa na nyoka, hata ung'ongo tunaushtukia. Wapo wanaosema kukataa fedha ni jeuri ya mtu aliyeshiba. Kamati haikatai wala haikubali. Kamati inapendekeza tuwajibu kwa maswali matano, nao wakiyajibu kwa maandishi, tusomeane mkutanoni kama tunavyosomeana daftari letu:

1. Fedha zenu zimetoka kwenye biashara gani, na mwaka jana mmetoa kiasi gani na kwa nani?

2. Aliyeamua kwamba kazi iwe hii ni nani? Katika kikao kile alikuwapo mwanamke wa hali kama yetu?

3. Ni za miaka mingapi? Mkitaka kuondoka mtatupa taarifa miezi mingapi kabla, na kazi iliyoko katikati italipiwa na nani?

4. Sehemu gani ya fedha tutaipangia wenyewe kikaoni bila kuomba ruhusa?

5. Mkitukosea, tumlalamikie nani, na kwa lugha tunayoielewa?

Wasiojibu, tuwaage kwa heshima na chai tuwape. Watakaojibu tutafanya nao kazi, na tutawafungulia daftari letu bila kificho, maana haki ya kuuliza ni ya pande zote mbili. Na vyovyote itakavyokuwa, hisa za Jumamosi zisipungue hata shilingi. Wale wa Montgomery waliweza kusimama kwa sababu jikoni mwao palikuwa na moto wao wenyewe. Sisi kesi za wajane tulizimaliza kwa sababu sanduku letu halikuwa tupu siku ile barua ilipofika.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nane kamili mchana, mahali pale pale. Kila mwanachama aje na kitabu chake cha hisa, na aje amekwisha kuyasoma maswali haya au kusomewa. Anayetaka kuongeza la sita, alilete.

 



Mwenyekiti,
kwa niaba ya kamati na wanachama wote.